Wote Mnaangalia Gati, Mimi Naangalia Geti

Jumatatu usiku mamangu alinipigia simu na swali moja tu. "Wewe si ulisomea haya mambo? Hebu niangalizie, geti litakuwa upande gani?"

Ngojeni niwape stori vizuri. Kuna yadi ya malori inapangwa huku upande wetu wa bara, nyuma ya bandari ya Mombasa. Jina la mradi silitaji, juu nikilitaja bei ya vibanda itapanda kesho asubuhi. Mama anauza chai, mahamri na viazi karai. Kuna mtu anamkodishia nafasi kando ya barabara na anataka 15,000 za kushikia kabla ya Ijumaa. Geti la yadi likifunguka upande ule, mama ameomoka. Likifunguka upande wa pili, 15,000 zimeenda na maji, na hizo ni hela za chama.

Mchoro ninao. Nilitumiwa kwa simu, kurasa kumi na moja. Nitawaambia nilichokiona, lakini kwanza lazima tuongee kuhusu bandari yenyewe, juu nimechoka na venye tunaongea kuihusu.

Kila mara bandari ikitangazwa kupanuliwa, picha zinazosambaa ni zile zile. Bahari ya bluu ambayo maji ya Kilindini hayajawahi kuwa, kreni zimesimama kama twiga, meli moja kubwa, jua linatua. Tunabonyeza kopa, tunaandika "Dubai ndogo", tunasonga. Sijawahi kuona hata picha moja kati ya hizo inayoonyesha dereva amelala kwa mkeka chini ya trela akingoja kuitwa. Na huyo dereva ni bandari pia. Bila yeye kontena ni sanduku tu la chuma limeketi juani.

Kwa lugha yetu tumebahatika, herufi moja inatenganisha mambo mawili ambayo watu wanachanganya. Gati ni pale meli inapofunga. Geti ni pale mzigo unapotokea kuja kwa watu. Wakubwa hupiga picha kwa gati. Sisi wengine wote maisha yetu yanaamuliwa kwa geti. Na ukifungua plani ya saiti ya bandari yoyote, utaona gati imechorwa hadi vyuma vya kufungia kamba, kila kimoja na namba yake, halafu geti ni kamstari kwenye kona kana kwamba mchoraji alikuwa anakimbilia lanchi.

Mimi si injinia. Nilifanya uhandisi wa ujenzi mwaka mmoja na miezi kadhaa, nikaachia njiani. Kwa hivyo kama kuna injinia anasoma hii na anataka kunirekebisha, karibu sana, ila rekebisha hesabu, usirekebishe cheti.

Haya, hesabu. Kwa upande wa gati Mombasa imejengwa, tusidanganyane. Gati namba 19 ilimalizika 2013. Kabla ya hapo mkondo wa kuingilia ulichimbwa hadi kina cha mita 15 ndio meli kubwa ziweze kupita. Terminali ya pili ya kontena pale Kipevu, ile ya mkopo wa Japani, ilifunguliwa 2016 na gati mbili, 20 na 21, yenye uwezo wa kontena 550,000 kwa mwaka. Gati 22 ikafuata 2022, ikaongeza 450,000. Mwaka huo huo terminali mpya ya mafuta ikafunguliwa katikati ya maji, nayo inaweza kupokea meli nne kwa wakati mmoja. Mwaka 2024 bandari nzima ikavuka kontena milioni 2. Nikisema kontena hapo namaanisha TEU, yaani kipimo cha kontena la futi 20. Kontena la futi 40 linahesabiwa mara mbili.

Sasa chukua simu yako, fungua kikokotoo. Milioni 2 gawanya kwa siku 365. Unapata karibu 5,480 kwa siku. Tuseme yote ni makontena ya futi 40, kila moja kwa lori lake, hapo ni malori 2,740 kila siku. Bandari inafanya kazi saa 24, kwa hivyo ni lori moja kila sekunde 31 au 32. Usiku na mchana, Idi na Krismasi. Najua hesabu yangu ni ya kihuni. Mengine yanahamishiwa meli nyingine, mengine yanaingia badala ya kutoka, mengine yanapanda treni. Punguza hata nusu ukitaka. Bado una lori kila dakika moja linatafuta mahali pa kupita kwenye mji ambao sehemu yake ya katikati ni kisiwa.

Kila gati mpya unayoshangilia inaongeza kasi ya hiyo saa. Meli ikishusha haraka, mrundiko unahamia yadi. Yadi ikifanya kazi haraka, mrundiko unahamia getini. Geti likifanya kazi haraka, mrundiko unahamia barabarani, mbele ya nyumba yenu. Huwezi kuumaliza kwa kreni. Unausukuma tu hadi mahali ambapo mchoro umeishia, na pale mchoro unapoishia ndipo sisi tunapoishi.

Mimi nimelelewa na huo mrundiko. Naomba mnielewe vizuri hapa, juu najua watu wa magari madogo mliilaani ile foleni ya malori ya Changamwe kila asubuhi. Mlichelewa kazini, mlivuta moshi, na watu waligongwa, hilo siwezi kulifanyia mzaha. Lakini ile foleni mliyokuwa mnailaani ndiyo iliyonilipia karo.

Mama alikuwa na kibanda cha mabati mahali ambapo malori yalikuwa yanasimama kungoja. Trela moja ni vikombe viwili, cha dereva na cha taniboi. Dereva mmoja anayeenda Kampala anakunywa chai saa kumi alfajiri, anakula mbaazi na mahamri saa mbili, anaagiza viazi vya njiani. Kando ya mama kulikuwa na fundi wa pancha, dada wa M-Pesa, kijana wa kufua maturubai, mzee aliyekuwa akishona viti vya lori, lojing'i ya vyumba vinane, na mama mwingine aliyeuza maji ya kuoga kwa ndoo. Hakuna hata mmoja wao aliyeajiriwa na bandari. Wote walikuwa wanakula kutokana na bandari. Ukiwauliza wangekuambia wanafanya kazi "getini", ingawa geti lenyewe lilikuwa mbali kidogo.

Halafu kati ya 2018 na 2020 hivi, malori yakapungua. Kulikuwa na sababu mbili, na watu huongea kuhusu moja tu.

Ya kwanza mnaijua: treni. SGR ya abiria ilianza katikati ya 2017 na mizigo ikafuata mwanzoni mwa 2018. Zikaja amri kwamba makontena yapande treni hadi Embakasi yakatolewe ushuru huko. 2019 nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka yale maandamano ya Jumatatu mjini Mombasa, watu wakiimba kwamba bandari imehamishiwa bara. Kisha Septemba 2022, siku ile alipoapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Watu wakasherehekea. Mama alifungua kibanda wiki iliyofuata akiwa amenunua unga wa kutosha mwezi mzima.

Malori hayakurudi. Yaani yalirudi, lakini si pale.

Juu kulikuwa na sababu ya pili, na hii hakuna mtu aliyeiandamania. Kulikuwa na barabara mpya. Kipande cha kwanza cha ile barabara ya Dongo Kundu kinatoka Kipevu, kwenye hiyo terminali ya pili ya kontena, hadi Miritini kwenye barabara kuu ya Nairobi. Ni barabara nzuri, mimi mwenyewe nimeipiga vidio. Lori linatoka terminali, linaingia Nairobi road, na halina haja ya kujua kwamba kuna raundabauti inaitwa Changamwe. Kwa dereva ni afueni. Kwa watu wa Changamwe waliokuwa wanapumua moshi ni afueni. Kwa mama ilikuwa ni mstari uliochorwa kwenye karatasi miaka mingi kabla hajausikia, na siku alipousikia ulikuwa tayari ni lami.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo kampasi hawakunipa. Amri inaweza kufutwa kwa hotuba. Saini moja, watu wakapiga makofi, imekwisha. Lami haifutwi kwa hotuba. Zege halisikilizi maandamano. Ukitaka kubishana na bandari, bishana nayo ikiwa bado ni penseli.

Sasa kuna watu wataniambia, kwa hivyo wewe unapinga treni? Hapana. Acheni niweke wazi, juu hii huwa inageuzwa. Chukulia treni moja inabeba TEU 100. Hayo ni malori 50 ya futi 40 yametoka barabarani, na mtu yeyote aliyewahi kupita Mazeras usiku nyuma ya trela mbili zinazoovateki anajua maana yake. Mimi nataka treni. Lakini malori 50 ni madereva 50 na mataniboi 50, na hao ni vikombe 100 vya chai ambavyo havitanunuliwa. Hiyo hesabu pia ni ya kweli. Hasira yangu ni kwamba hesabu ya kwanza inafanywa na wataalamu waliolipwa, kwa ripoti iliyochapishwa kwa rangi, na ya pili inafanywa na mamangu nyuma ya pakiti ya majani chai, baada ya mambo kuisha.

Na si Mombasa tu. Lagos, pale Apapa, kwa miaka malori yalikuwa yanapanga foleni kwenye madaraja ya mji, siku kwa siku, madereva wakiishi ndani ya kabini. Meli zilikuwa zinafika. Tatizo lilikuwa njia ya kuingia na kutoka. Mwanzoni mwa 2021 wakaleta mfumo wa kuitana kwa simu, unaitwa Ètò, ambapo lori halisogei kwenda bandarini hadi liitwe. Wazo zuri. Lakini lori linalongoja kuitwa bado linahitaji ardhi ya kungojea, na hiyo ardhi lazima mtu aichore mahali.

Kinyume chake ni Los Angeles na Long Beach. Wale walikuwa na reli za mizigo zinazokatiza barabara za mtaani, gari la wagonjwa linasimama dakika kadhaa likingoja treni ya makontena ipite. Walipopanga kupanua, mchoro haukuishia bandarini. Waliuvuta kilomita 32 hadi katikati ya mji, na nusu ya hiyo njia wakaizamisha kwenye handaki lililo wazi juu, kina cha kama mita 10, treni zikapita chini na watu wakapita juu. Ikafunguliwa 2002. Makutano kama 200 ya reli na barabara yakaondoka. Ilikula zaidi ya dola bilioni 2, na najua hatuna hizo hela, msiniambie. Ninachosema ni kwamba kuna mahali ambapo mtu alikubali kwamba bandari haiishii getini.

Na sisi tuna mfano wetu wa kinyume, Lamu. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, zikafika tatu, kina kizuri, kreni mpya zinang'aa. Mpango mzima unasema gati 32. Lakini ile reli iliyopaswa kwenda hadi Ethiopia na Sudan Kusini haijajengwa, na barabara ya kwenda Garissa ilikuwa bado inahangaika wakati gati zimeshamalizika. Gati tatu, geti hamna. Na kabla ya meli ya kwanza kufunga, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeshaamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, juu mradi uliingia kwenye maji yao bila kuwashirikisha inavyostahili. Bilioni 1.76 ndiyo bei ya kuchora kwanza na kuuliza baadaye.

Nirudi kwa plani ya saiti. Nataka mjue kuisoma, juu ni rahisi kuliko wanavyotufanya tuamini. Ukipewa moja, usianze na picha kubwa ya katikati. Nenda kona ya chini kulia. Pale kuna kisanduku chenye jina la mchoro, tarehe, kipimo, na namba ya marekebisho. Kama ni marekebisho ya tano, maana yake kuna manne yalipita na hukuonyeshwa. Kama imeandikwa haina kipimo, basi usipime chochote, hiyo ni picha ya kukubembeleza. Kisha tafuta mshale wa kaskazini. Najua inaonekana jambo dogo. Nimeona watu wakibishana saa nzima kuhusu mchoro waliokuwa wameushika juu chini.

Halafu tafuta mstari mwekundu. Karibu kila mchoro una mstari, mara nyingi mwekundu, unaozunguka eneo la mradi. Ndani ya mstari kila kitu kina jina: yadi ya makontena, mizani, ofisi ya forodha, sehemu ya makontena ya baridi, kituo cha zimamoto. Nje ya mstari kuna weupe. Karatasi tupu. Lakini ukiwa unajua mahali penyewe, ule weupe ni msikiti, ni shule ya msingi, ni njia ya wavuvi ya kushukia pwani, ni kibanda cha mama. Mchoro hausemi kwamba havipo. Haujauliza tu.

Mwaka jana nilienda kikao kimoja cha maoni ya umma, cha mradi mwingine wa ufukweni, nao siutaji. Kilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo mtu yeyote mwenye kazi yuko kazini. Tulipewa soda na chupa ya maji. Mchoro ukawekwa ukutani kwa projekta, maandishi ya Kizungu madogo kama chungu, pazia lilikuwa limefunguliwa kwa hivyo mwanga ulikuwa umeufuta nusu. Yule anayeeleza alizungumza dakika arobaini kuhusu kina na tani. Kisha mzee mmoja mvuvi, kofia mkononi, akasimama akasema kwa Kiswahili cha adabu kabisa, "Shikamoo zenu wote. Mimi nauliza tu, ile njia yetu ya kushukia pwani iko wapi hapo?"

Yule bwana akageuka kuangalia ukuta. Akatafuta. Akasema, bila ubaya wowote, nadhani hata alijaribu kuwa mpole, "Mzee, hiyo iko nje ya mchoro."

Mzee akashukuru, akaketi.

Nje ya mchoro. Nimekaa na hayo maneno mwaka mzima. Huyo mzee alikuwa ameshuka kwa ile njia tangu kabla yule bwana hajazaliwa, halafu anaambiwa iko nje. Na mwishoni tulisaini karatasi ya mahudhurio, na naamini hiyo karatasi sasa iko kwenye faili fulani kama ushahidi kwamba tulishirikishwa.

Nilimpigia beshte wangu tuliyeanza naye kampasi, yeye alibaki, sahii yuko atachimenti kwenye saiti. Nilikuwa nimewaka. Akacheka. Akaniambia, "Buda, injinia anachora alichoandikiwa na mteja. Kama mteja hajaandika dereva anajisaidia wapi, hakuna mtu atachora choo." Nilitaka kubishana nikakosa la kusema, juu ni ukweli. Choo hakikosekani kwenye yadi kwa sababu hakuna injinia anayejua kuchora choo. Kinakosekana kwa sababu miaka mitatu kabla, kwenye ile karatasi ya maagizo, hakuna mtu aliyekitaja. Ndiyo maana kando ya barabara za malori kuna zile chupa za plastiki zenye maji ya njano ambazo hamtaki niziongelee.

Kwa hivyo wale mnaosema "tungojee ijengwe tuone", mmeshachelewa. Wale mnaongoja kikao cha maoni ya umma, pia mmechelewa kidogo, juu kikao huja wakati mchoro una namba ya marekebisho. Pa kuingilia ni mapema zaidi, na kisheria mlango upo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Huhitaji hata kueleza unaitakia nini. Barua moja: naomba mchoro wa eneo, maagizo aliyopewa mshauri, na mpango wa magari. Andika kwa Kiswahili ukitaka, ni lugha rasmi ya nchi hii.

Huo mpango wa magari ndio wenye dhahabu. Humo ndimo wanamosema malori mangapi yatatoka, saa ngapi, kwa geti lipi, na yatangojea wapi. Nimesoma wa mradi mmoja ambapo mahali pa malori kungojea paliandikwa "barabara iliyopo". Barabara iliyopo, wasee. Hiyo ni barabara ambayo watoto wanavuka kwenda shule, na kwenye karatasi imegeuzwa kuwa maegesho kwa maneno mawili.

Tunajua kila kitu kuhusu simu mpya inayotoka, kamera ngapi, betri kiasi gani. Bandari inayopokea hiyo simu, na mafuta ya matatu yako, na mchele wa Pakistani ulio kwenye sahani yako, na mitumba uliyovaa, hatuwezi kusema geti lake liko upande gani. Na si sisi tu. Uganda ndiyo inayopitisha mzigo mwingi kuliko nchi nyingine zote zinazotumia Mombasa, na nyuma yake kuna Sudan Kusini, Kongo, Rwanda. Mstari mmoja ukichorwa vibaya Kipevu, kuna mtu Kampala ananunua saruji ghali na hajui kwa nini.

Nataka bandari ijengwe. Nataka gati nyingine, na nyingine. Nataka pia kwamba siku ile injinia anapochora geti, achore na uwanja wa malori wenye vyoo, bomba la maji, taa, na safu ya vibanda vyenye namba, vya kukodishwa kwa bei inayojulikana, ndio mama asiwe anatafutwa usiku na mtu anayeuza nafasi ya hewa. Safu ya vibanda ishirini ni mistari ishirini kwenye programu ya kuchorea. Ni kazi ya dakika tano, hata mimi niliyeachia njiani naweza.

Sasa ule mchoro wa mama. Kurasa kumi na moja. Nimeupitia mara nne. Ukurasa wa tatu unaonyesha geti upande wa mashariki, mbele kabisa ya nafasi anayouziwa. Nikafurahi, nikaanza kuandika ujumbe. Nikafika ukurasa wa nane, huko geti liko kaskazini, na hakuna kitu mashariki isipokuwa ukuta na mtaro. Nikarudi kwenye kisanduku cha kona. Ukurasa wa tatu ni marekebisho namba 2, ukurasa wa nane ni marekebisho namba 4. Na chini ya yote mawili kuna sentensi moja kwa herufi ndogo inayosema kwamba mahali pa geti panaweza kubadilika.

Nimetuma barua ya kuomba mchoro wa mwisho jana. Siku 21. Ijumaa ni kesho kutwa.

Mama amenitumia ujumbe wa sauti sasa hivi, sekunde tisa. Nyuma yake nasikia mafuta yanachemka kwenye karai. "Sasa baba, nimpe au nisimpe?"